Dohani Kuukuu na Jiko Jipya

Msafiri atokaye Tororo kwenda Busia, akiisha kuupa mgongo mwamba ule mkubwa uonekanao kutoka mbali, huingia katika nchi ya mihogo, mtama na wimbi, yenye nyumba zilizotawanyika na njia za miguu zinazokatiza mashamba hadi mpaka wa Kenya. Kabla ya kuufikia mji wa Busia huipita Sikuda. Ni sehemu ya wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997, na wakazi wake, Wateso, Wasamia na wengineo, wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Hatukwenda huko kwa habari ya mpaka wala ya magendo, mambo ambayo wasomaji wetu wengi huyajua kwa kazi yao kuliko tunavyoyajua sisi. Tulikwenda kwa habari ya jiko.

Mwenyeji wetu ni sajini mstaafu wa polisi. Katika utumishi wake alikaa katika makazi ya serikali ya kila namna: mabanda marefu ya matofali, vibanda vya bati vya mviringo viitwavyo unipoti, na safari nyingine hema. Alipostaafu alitumia kiinua mgongo chake kununua nyumba kuukuu ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa zama za Waingereza, pamoja na jiko lake la nje lenye dohani ndefu. Mkewe, aliyemfuata kutoka kituo hata kituo akipikia sigiri ya makaa, alitaka jambo moja tu baada ya miaka yote hiyo: jiko la gesi la mabamba manne lenye tanuri chini yake, na liwekwe palepale lilipokuwa jiko la zamani, katika uwazi ulio chini ya dohani. Ombi hilo si kubwa.

Tulipofika tulimkuta fundi mwashi amekwisha kuinua nyundo. Alikuwa na nia ya kufanya mambo matatu. La kwanza, kuupanua uwazi ule kwenda juu kwa kuling'oa pande la chuma lililokuwa limelala juu yake, ili kifuniko cha jiko kipate nafasi ya kufunguka. La pili, kupanda juu ya paa na kuiziba dohani kwa zege, ili mvua na popo wasiingie tena. La tatu, kuuweka mtungi wa gesi katika shimo la majivu lililo chini ya meko, ili usionekane na wageni. Fundi huyu si mjinga. Nyumba alizozijenga zimesimama. Lakini kila moja kati ya nia zake tatu ingeweza kuua mtu, na kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu hukaa katika majengo ya namna hiyo, au watakaa humo watakapostaafu, tumeona yafaa tueleze sababu kwa urefu.

Kwanza tuseme dohani ni nini. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni moshi. Watu wa pwani huliita hivyo pia tenga refu la makuti la kuchukulia matunda, kwa kuwa husimama wima kama bomba la moshi. Katika nyumba za asili za nchi zetu dohani haikuwapo. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake, na moshi ulijipenyeza kwenye nyasi za paa, ukawafukuza wadudu na kukausha mbegu zilizotundikwa. Waliojenga nyumba za maofisa na za reli walileta desturi nyingine: jiko la chuma la kuni, ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki walilijua kwa jina la Dover, likaingizwa katika uwazi uliojengwa ukutani, na moshi wake ukapelekwa juu kwa njia iliyo ndani ya matofali. Majiko hayo mengi yameng'olewa yakauzwa kuwa chuma chakavu. Dohani zimebaki.

Ifanyavyo kazi si siri. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Ikiingia katika njia ndefu iliyo wima hupanda, na ikipanda huvuta nyingine nyuma yake. Kadiri dohani inavyokuwa ndefu, na kadiri moshi unavyokuwa wa moto, ndivyo mvuto unavyozidi. Dohani ya baridi haivuti, na wakati mwingine hutiririsha hewa kwenda chini. Afahamuye hayo amefahamu karibu yote yahusuyo hatari zake.

Sasa tuje kwenye pande la chuma. Lilikuwa kipande cha reli ya zamani, jambo lisilo la ajabu katika nchi iliyo jirani na njia panda ya reli ya Tororo, na kilikuwa kimelala juu ya uwazi kutoka ukuta huu hadi ule. Fundi alikidhania kuwa pambo au mabaki ya jiko lililoondolewa. Kwa kweli kilikuwa linta. Matofali yote yaliyo juu yake, kuanzia pale hadi ncha ya dohani nje ya paa, yalikuwa yamekikalia. Ukuta wa matofali ya kuchoma wenye ujazo wa meta moja huwa na uzito wa takriban kilo 1,800. Tulipoupima ukuta wa dohani ile kwa futi kamba na kutoa nafasi ya njia ya moshi, tulipata kiasi cha meta mbili na zaidi. Maana yake, fundi alikuwa karibu kuondoa nguzo iliyochukua uzito wa magari mawili ya doria, huku yeye mwenyewe amesimama chini yake.

Ikiwa ni lazima uwazi upanuliwe, kazi hiyo hufanywa kwa utaratibu. Ukuta huegemezwa kwanza kwa magogo au nguzo za chuma pande zote mbili, na mihimili mifupi hupenyezwa katika matundu yaliyotobolewa juu ya mahali pa linta mpya. Ndipo matofali yaondolewe machache machache kwa tindo na nyundo ndogo. Sururu haifai kabisa. Linta mpya ya zege yenye nondo yapasa ilale juu ya ukuta imara kwa sentimeta 15 au zaidi kila upande. Zege hilo hunyweshwa maji kwa siku 7, na egemeo huachwa mahali pake kwa wiki mbili au zaidi, kwa kuwa zege hupimwa nguvu zake kamili baada ya siku 28. Tumewaona watu wakiondoa egemeo siku ya tatu kwa sababu mwenye magogo ameyataka. Afadhali kumlipa mwenye magogo kodi ya wiki nyingine.

Lakini pale Sikuda hapakuwa na haja ya kugusa linta. Tulipogonga ukuta wa pembeni mwa uwazi kwa kifundo cha nyundo tulisikia mlio wa utupu, tofauti na mlio mzito wa ukuta halisi. Ilionekana kwamba uwazi wa kwanza ulikuwa mpana, na mtu fulani aliyetangulia aliupunguza kwa kujenga matofali ya kujazia. Hayo hayakubeba kitu. Yalipoondolewa, upana ulitoka sentimeta 58 ukafika 104, na jiko lenye upana wa sentimeta 60 likapata nafasi ya kupumua pande zote mbili. Kuhusu kifuniko cha kioo kilichohitaji nafasi kwenda juu, dawa ilikuwa nyepesi kupita kiasi: kilikuwa na skrubu mbili, kikafunguliwa na kuwekwa kabatini. Kina cha uwazi kilikuwa kifupi kuliko jiko, kwa hiyo jiko limetokeza mbele kwa shibiri moja hivi. Mama mwenye nyumba hakulipenda jambo hilo mwanzoni. Baadaye aliona kwamba anaweza kukoroga sufuria bila kuinamisha kichwa chini ya ile reli.

Nia ya pili ya fundi ndiyo iliyotutia hofu kuliko zote, na hapa tutakaa kidogo.

Nyuma ya ukuta wa dohani kuna chumba kidogo chenye meko yake. Humo hukaa mama mzazi wa sajini, bibi kizee ambaye hupika ugali wake wa wimbi kwa kuni na kuota moto usiku. Fundi alikuwa akimweleza sajini, "Afande, dohani hii imekufa. Gesi haina moshi. Tuizibe tumalize." Bibi, aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua mboga, akainua uso akauliza, "Imekufa lini, mwanangu? Na moshi wangu mimi hupitia wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukaomba nyasi mbichi kidogo, zikawekwa juu ya makaa katika meko ya bibi, nasi tukasimama upande wa pili tukitazama. Kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini moshi mweupe ulitoka juu ya paa, na mwingine ukaanza kuteremka taratibu ndani ya uwazi ambamo jiko jipya lilikuwa litawekwa. Njia ya moshi ilikuwa moja kwa meko mbili. Ingezibwa juu, moshi wote wa bibi ungebaki chumbani mwake. Na usiku ambao kuni zimekwisha kuwa makaa, moshi usingeonekana kabisa.

Tunalisema hili kwa sababu tulipata kuliona. Miaka mingi iliyopita tulikaa katika safu ya nyumba za watumishi, hatutaitaja ni ya idara gani, ambazo kila mbili ziliegemeana mgongo na kutumia dohani moja. Jirani mmoja alinunua jiko la gesi. Mvua ikawa inadondoka kutoka dohani juu ya jiko lake, naye kwa nia njema akapanda juu akaifunika dohani kwa kipande cha bati na kukigandamiza kwa mawe. Upande wa pili walikaa koplo na mkewe na watoto wawili. Ilikuwa majira ya mvua, usiku wa baridi, na katika meko yao waliacha makaa yawake ili chumba kipate joto. Koplo alikuwa zamu. Aliporudi alfajiri alimkuta mkewe akitapika mlangoni, hawezi kusimama. Mtoto mmoja alizinduka hospitalini. Mdogo hakuamka.

Kilichomwua ni hewa itwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Hutoka popote kuni, makaa au gesi inapoungua bila hewa ya kutosha, na makaa ndiyo huitoa kwa wingi zaidi, hasa yale mekundu yasiyo na moshi ambayo mtu huyadhania kuwa salama. Ikiingia mapafuni huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni inavyoishika, mwili ukakosa hewa huku mtu anaendelea kupumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa asubuhi moja, na wote wakapata nafuu wakitoka nje, isidhaniwe kuwa ni malaria. Wafungue madirisha, watoke wote, na moto uzimwe.

Moshi wa kawaida nao, huo unaoonekana, huua polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, nyingi yake ikitoka katika kuni, makaa na mafuta ya taa. Kwa hiyo mama aliyetaka gesi alikuwa na haki. Kosa lilikuwa kudhani kwamba jiko jipya la mtu mmoja linafuta kazi ya dohani ya watu wote.

Iliamuliwa hivi. Njia ya moshi ilizibwa kwa upande wa jiko la gesi tu, kwenye koo lake, kwa matofali na udongo wa chokaa na saruji, bila kuacha hata ufa wa kupitisha kisu. Juu hapakuzibwa. Nyasi mbichi zikachomwa tena, na safari hii upande wa jiko la gesi haukuonekana hata uzi wa moshi. Kabla ya hapo dohani ilifagiliwa: gunia la nyasi ngumu lilifungwa kwenye kamba pamoja na jiwe, likateremshwa kutoka juu na kuvutwa mara nyingi, meko zote mbili zikiwa zimefunikwa kwa magunia yenye maji. Yalitoka masizi debe mbili na viota vya ndege. Masizi ya miaka mingi huganda kama lami, nayo yakishika moto dohani nzima huvuma kama gari moshi lipandalo mlima, na paa huungua. Aliye na dohani itumiwayo kila siku aifagie kila mwaka, kabla ya masika.

Nia ya tatu ilihusu mtungi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi; hutiririka sakafuni kama maji yasiyoonekana na kujaa mahali palipo chini. Shimo la majivu ni kisima cha kuikusanya. Humo ingetulia kwa saa nyingi ikingoja cheche, na juu yake tanuri linawaka. Askari anayejua jinsi baruti inavyofanya kazi ndani ya ganda hana haja ya kuelezwa zaidi. Shimo lile lilijazwa kifusi, likashindiliwa na kumwagiwa zege hadi likawa sawa na sakafu. Mtungi umewekwa nje, umesimama wima katika kivuli, ndani ya kizimba cha wavu chenye kufuli, na gesi huingia kwa bomba la chuma lililopita ukutani. Mpira upo kwa kipande kifupi tu nyuma ya jiko, umefungwa kwa vibano ncha zote mbili, wala haupiti nyuma ya tanuri. Mpira wa gesi hutazamwa mara kwa mara, na ukionyesha nyufa hubadilishwa. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni. Atafutaye kwa kiberiti hupata jibu upesi.

Gesi haina moshi, ni kweli, lakini yahitaji hewa, na nyingi. Kuchoma kilo moja ya gesi hutumia kiasi cha meta 12 za ujazo za hewa, sawa na hewa yote ya chumba kidogo cha kulala. Ndiyo maana katika ukuta wa nje yalitobolewa matundu mawili, kila moja kiasi cha tofali moja, yakawekewa wavu: moja karibu na dari ili mvuke na hewa iliyochoka itoke, na jingine sawa na sakafu ili gesi ikivuja ipate njia ya kuondoka. Mama aliogopa panya. Wavu ukawekwa wa matundu madogo. Mwali mzuri wa gesi ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha weusi chini ya sufuria, hewa haitoshi au tundu la jiko limeziba, na hiyo ni amri ya kufungua dirisha kabla ya kutafuta sababu.

Tuna neno kuhusu vumbi. Majengo mengi ya miaka ya 1950 na 1960, nyumba za serikali zikiwamo, yaliezekwa kwa mabamba ya asbesto na saruji, na mabomba ya moshi ya namna hiyo yalitumika pia. Yakiwa mazima na yametulia hayana ghasia kubwa. Yakikatwa kwa msumeno, kupigwa tindo au kusuguliwa, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo huingia mapafuni zisitoke, na saratani yake hujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi. Kwa hiyo, mtu akikuta ndani ya dohani bomba la kijivu ambalo si chuma wala si udongo, asilivunje. Aliache mahali pake, azibe pande zote, na kutoa taarifa. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii nyuzi hizo.

Wako watakaotuuliza, kwa nini gesi na si umeme? Swali ni la haki, hasa katika nchi hii. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 umeme wake ulianza kuvuka kwenda Kenya kupitia Tororo. Watu wengi wa pande hizi walizaliwa, wakaoa na kuzeeka wakiziona nyaya nene zikipita angani huku wao wakipulizia kuni. Sasa liko bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024, na tangu Aprili 2025 usambazaji uliokuwa mikononi mwa Umeme umerudi katika kampuni ya serikali, UEDCL. Hivi leo, basi, kupikia umeme si ndoto.

Ila jiko kubwa la umeme, lenye mabamba manne na tanuri, si pasi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 huchukua kilowati 3 tu. Jiko kama hilo huweza kudai 6 hadi 10. Lahitaji njia yake lenyewe kutoka kwenye ubao wa fyuzi, waya wa shaba usiopungua milimeta 6 za mraba, waya wa ardhi ulio imara, na swichi kubwa ya kukatia iliyowekwa pembeni pa kufikika, wala si juu ya mabamba ambako mkono utapita katika moto kuifikia. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme. Ukuta wa dohani kuukuu haufai kufichwa nyaya, kwa sababu masizi na chumvi zilizonywewa na matofali kwa miaka mingi hula chuma na shaba. Sajini alipohesabu gharama ya kuvuta njia mpya kutoka nyumba kubwa hadi jiko la nje, akachagua gesi. Lakini amenunua pia chungu cha umeme cha mvuke, ambacho huivisha maharagwe kwa chini ya uniti moja na kutosheka na soketi ya kawaida.

Makaa nayo yamekuwa habari ya kazi kwa wasomaji wetu. Tangu Mei 2023, kwa Amri ya Rais namba 3 ya mwaka huo, uchomaji na usafirishaji wa makaa kwa biashara ulipigwa marufuku katika Acholi, Lango, Teso na West Nile, na polisi na jeshi wakaagizwa kuisimamia. Tunawafahamu askari waliokesha barabarani wakisimamisha malori ya makaa, kisha wakarudi nyumbani kula chakula kilichopikwa kwa makaa. Hatuwacheki. Mshahara una mipaka, na mtungi wa kwanza wa gesi pamoja na jiko lake hudai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, ilhali makaa hununuliwa kwa kopo.

Ndugu zetu walio katika nyumba za serikali hawana ruhusa ya kuvunja ukuta, nasi hatuwashauri. Nyumba ni mali ya taifa, na uhamisho huweza kuja kesho kwa simu. Aombe kibali kwa maandishi kwa afande mkuu wa kambi au kituo, na kazi ikaguliwe na wahandisi. Bila kibali yako mengi yasiyohitaji tindo: kuweka jiko la gesi juu ya meza ya zege mbele ya dohani, kujaza shimo la majivu kwa mchanga, kufungua madirisha yaliyozibwa kwa mbao zama za vita. Na lililo kubwa, kumgongea jirani wa upande wa pili na kumwuliza kama anatumia dohani ileile, kabla mtu yeyote hajapanda juu ya paa.

Tulirudi Sikuda baada ya wiki tatu. Jiko lilikuwa limesimama mahali pake, jeupe, likitokeza shibiri yake moja, na mama mwenye nyumba alituandalia chai na mkate alioupika mwenyewe kwa tanuri, umeungua kidogo upande mmoja, naye akasema bado anajifunza tabia zake. Bibi alikataa katakata ugali wake upikwe kwa gesi. Alisema hauna harufu. Basi maharagwe ya sikukuu na ugali wa wimbi hubaki kwake, chai na mboga huja upande wa pili, na moshi wake hupanda wima juu ya paa kama ulivyozoea. Fundi aliomba apewe matofali yaliyobaki, akapewa. Kazi moja ilikuwa haijakwisha: kofia ya bati ya kufunika ncha ya dohani, yenye miguu minne na wavu kuizunguka, ili moshi upite na popo wasipite. Fundi wa bati wa mjini Busia alikuwa ameahidi kuileta Jumamosi.